Cheti cha Duka la Fortunata

"Pisha mzigo! Pisha, nyie!" msukuma mkokoteni alipiga kelele, na watu wa Mtaa wa Kongo wakagawanyika huku na huku. Anuari, begi la kompyuta mgongoni, hakujua aelekee wapi. Alirudi kinyumenyume, mkanda wa begi ukanasa kwenye mkono wa sanamu iliyosimamishwa mbele ya duka la vitambaa, na sanamu ikamwangukia kifuani na gauni lake la lesi ya zambarau. Akaikumbatia isije ikavunjika.

"Kaka," sauti ikatoka ndani, "huyo ana mwenyewe."

Akageuka. Mwenye sauti alikuwa amevaa kitenge cha manjano kilichomkaa sawasawa, utepe wa kupimia umening'inia shingoni, nywele kasuka twende kilioni. Alikuwa anajizuia kucheka na hawezi.

"Nisamehe, dada. Yeye ndiye aliyenishika."

"Wanaume wote husema hivyo."

Wauza vitenge wa jirani wakaangua kicheko. Dada yule akatoka, akaisimamisha sanamu, na kabla hata ya kumnyoosha gauni, akampangusa Anuari vumbi begani. Jambo dogo tu, lakini tangu atoke Newala kuja kutafuta maisha Dar es Salaam, hakuna mtu aliyewahi kumpangusa vumbi.

Jina lake lilikuwa Fortunata, mwenyeji wa Moshi. Pamoja na kaka yake Elimringi alikuwa akiuza sare za harusi: lesi, satini na vitenge ambavyo kamati za sherehe huchagua ili ndugu wote wavae namna moja. Wateja wake wengi walikuwa mikoani, nao walichagua kwenye tovuti ya duka kwa simu. Alipoliona begi la kompyuta, akauliza papo hapo:

"Wewe ni fundi wa hayo mambo? Hebu niambie, mbona mtu akifungua duka langu kwenye simu anaandikiwa 'si salama'? Mimi nimemwibia nani?"

"Hujamwibia mtu. Huna cheti."

"Cheti? Cha kuzaliwa ninacho, cha ubatizo ninacho, cha biashara kile pale ukutani. Bado kingine?"

Anuari akacheka, akaketi juu ya robota la vitenge, akamweleza polepole. Kuna shirika linalothibitisha kwamba duka unalolifungua kwenye simu ndilo lenyewe, si la tapeli aliyejiita jina hilo. Likishathibitisha hutoa cheti, na kuanzia hapo maneno kati ya mteja na duka yanafungwa, mpita njia asiweze kuyasikiliza. Kufuli dogo linaonekana karibu na jina. Lakini cheti hakidumu, kila baada ya miezi kadhaa lazima kifanywe upya.

"Na wewe utakuja kukifanya upya?"

"Nitakuja."

Akaja. Akaja na Jumatatu iliyofuata kukikagua, na Jumatatu nyingine, na nyingine. Kitu ambacho hakukisema ni kwamba kazi yote ile angeweza kuifanya akiwa chumbani kwake, kule juu ya bonde la Jangwani. Fortunata naye hakuuliza. Ila Jumatatu alivaa vizuri kuliko Jumapili ya kanisani, na chai ya tangawizi ilikuwa inamngoja Anuari ikiwa imefunikwa na kisahani isipoe.

"Anu, hicho cheti hakijambo leo?"

"Kina homa kidogo. Itabidi nikae nacho."

"Kaa nacho tu, maskini. Na chapati kitakula?"

"Mbili."

Elimringi alikuwa akipima vitambaa pembeni, akikohoa pasipo na kikohozi.

Miezi ikaenda. Kisha Anuari akashikwa na malaria kali, akalala kitandani anatetemeka, na siku hizohizo cheti kilikuwa kinakaribia kwisha. Aliinuka akiwa amejifunga blanketi, herufi zinamcheza machoni, akakifanya upya. Alipojilaza tena wazo likamwingia: ningekufa leo, duka la Fortunata lingefungwa na asingejua kwa nini. Mtu unayempenda humwachi ananing'inia kwenye uzi mmoja, tena uzi wenyewe ni wewe.

Alipopona akatafuta programu huria, zile ambazo watu wa nchi mbalimbali wameziandika wakazitoa bure, yeyote azisome na azitumie. Ilikuwepo iliyofaa. Inakaa kwenye ile kompyuta ya kukodi inayobeba tovuti, inaangalia tarehe yenyewe, inaomba cheti kipya yenyewe, inakipachika yenyewe. Akaiweka. Kisha akaufuta ufunguo wake wa kuingilia mle ndani, kwa sababu haipendezi mtu kubaki na ufunguo wa nyumba isiyo yake. Jumatatu akaenda dukani moyo umejaa, kama mtu aliyebeba zawadi.

"Nimemaliza," akasema. "Kuanzia leo kinajifanya chenyewe. Neno la siri ni lako peke yako. Sasa hunihitaji tena."

Alidhani atafurahi. Fortunata alikitazama kikombe cha chai, akakitazama kile kisahani juu yake.

"Umeweka mashine ije badala yako."

"Ni bora kuliko mimi. Haiumwi."

"Sawa," akasema, akianza kukunja satini ambayo ilikuwa imekunjwa tayari. "Asante, fundi."

Fundi. Hakuwahi kumwita hivyo. Anuari aliondoka na chai hajainywa, na ulimi wake, mwepesi wa kueleza mambo ya mitambo, ukawa mzito kama jiwe la kusagia.

Baada ya siku chache akapiga simu.

"Haloo, Fortu?"

"Kuna kazi?"

"Hapana. Nilitaka tu..."

"Kama hakuna kazi nina wateja." Simu ikakatwa. Alipotuma ujumbe, ukabaki na tiki moja. Kesho yake tiki moja. Alikuwa amezuiwa.

Alichobakiwa nacho ni kulifungua duka lile kwenye simu yake kama mteja wa Songea au Masasi. Alitazama picha za lesi, ambazo kwenye pembe ya mojawapo kidole cha Fortunata kilionekana kikishikilia kitambaa. Na kila alipofungua, kwa mazoea, aliangalia tarehe ya cheti. Ndipo siku moja akaona. Ule wakati ambao programu ilipaswa kuwa imekwisha kukifanya upya ulikuwa umepita, na cheti ni kilekile cha zamani.

Tovuti ina milango miwili, mmoja wenye kufuli ambao wateja huupitia, na mwingine wa zamani usio na kufuli; akajaribu kubisha kwenye huo wa zamani. Hakuna aliyeitika. Akaelewa mara moja. Shirika la vyeti huja kuhakikisha kwa kupitia mlango huo: programu inaacha alama pale, shirika linakuja kuitazama, likiikuta linatoa cheti. Mlango ukifungwa, shirika linabisha linaondoka, na programu inaendelea kuomba bila kupewa, siku baada ya siku, kimya kimya.

Nani kaufunga? Alikuja kuambiwa baadaye. Kariakoo ina desturi yake: fundi au msaidizi akiondoka dukani, jambo la kwanza ni kubadili makufuli. Elimringi alipomwona dada yake hataki tena kulisikia jina la Anuari, alibadili ya mlango wa mbele, akabadili ya stoo, kisha, kwa neno la siri la dada yake, akaingia kwenye ukurasa wa wenye kukodisha ile kompyuta. Akakuta milango miwili, mmoja una kufuli na mwingine hauna. Mwenye duka gani Kariakoo analala na mlango usio na kufuli? Akaufunga. Alifanya kwa mapenzi ya ndugu, hakuna wa kumlaumu.

Anuari aliwahi dukani asubuhi. Elimringi alikuwa mlangoni.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Fundi, Fortunata hayupo."

Kitenge cha manjano kilipita nyuma ya pazia. Wote wawili walikiona.

"Naomba umwambie cheti kinakwisha wiki hii. Simu za wateja zitakataa kulifungua duka. Ule mlango wa zamani..."

"Si ulisema kinajifanya chenyewe?"

"Nilisema."

"Na sasa unasema kinakwisha. Bwana mdogo, mimi nimekaa Kariakoo miaka. Fundi anayeijua siku ya kitu kuvunjika, ndiye aliyekilegeza."

Kila neno la kujitetea lingeonekana la mtu aliyejiandaa. Akaondoka, watu wanampiga vikumbo. Zile siku alizipitisha kama mtu wa bonde la Jangwani wakati wa mafuriko, anayeyaona maji yakipanda kuelekea nyumba ya mwenzake ng'ambo, apige kelele hasikiki, aogelee hafiki.

Cheti kikaisha. Siku hiyo mchana simu yake ikalia, na jina lililojitokeza nusura limwangushie kijiko.

"Umeniwekea nini?" Fortunata alikuwa analia kwa hasira. "Kamati ya harusi ya Masasi wamenipigia, wanasema simu zao zinawaambia kwangu kuna wezi. Wezi, Anuari! Wameshachukua sare kwa mtu mwingine. Na wa Mbinga wananiambia hivyohivyo. Jina langu nimelijenga tangu nauza vitambaa vya mkononi, na wewe umelibomoa kwa sababu sikupokea simu?"

"Fortu, sikuweka kitu. Mlango wa zamani wa tovuti umefungwa. Ufungueni."

"Ili uingie?"

"Hata ukifunguliwa siwezi kuingia."

"Usinidanganye. Wewe ndiye uliyeiweka hiyo mashine. Kama kweli hukuharibu, ingia basi uitengeneze! Ingia sasa hivi!"

"Siwezi. Nilifuta ufunguo wangu."

Kelele za Mtaa wa Kongo zilisikika kwenye simu, za mtu anayenadi soksi.

"Kwa nini uliufuta?"

"Kwa sababu ni nyumba yako."

Alisikia anavuta kamasi. Halafu, kwa sauti ndogo: "Njoo."

Mvua ilikuwa inanyesha. Alifika ameloa, na aliyempisha mlangoni ni Elimringi, bila neno. Akavuta kiti, akakipangusa kwa kipande cha lesi nzuri kabisa, akamwekea.

Anuari hakuigusa kompyuta. Aliiweka mikono yake magotini, akaelekeza kwa mdomo tu. "Hapo, kaka. Hapo palipoandikwa milango. Huo wa chini. Ufungue." Elimringi akabonyeza kwa kidole kimoja. "Sasa iambie programu ijaribu tena." Wakangoja. Fortunata alisimama nyuma, anauma ncha ya utepe wa kupimia. Maandishi yakashuka moja baada ya jingine, yakasimama. Fortunata akafungua duka kwenye simu yake. Kufuli lilikuwa limerudi mahali pake.

"Kumbe ni mimi," Elimringi alisema taratibu. "Kumbe ni mimi niliyefunga."

"Hata mimi ningefunga," Anuari akamwambia. "Mlango hauna kufuli, nani angeuacha? Kosa ni langu, sikumweleza mtu kwamba unatumika."

Elimringi akaenda kumimina chai yeye mwenyewe.

"Masasi hawarudi," Fortunata alisema.

"Hawarudi. Hilo siwezi kulirekebisha."

"Na mimi nilikuita mwizi."

"Hukuniita."

"Moyoni nilikuita." Akakaa juu ya robota, mabega yamemshuka. "Anu, uliposema sikuhitaji tena, nilijua umenichoka. Mtu anayetaka kuja haweki mashine."

"Nilikuwa naumwa, Fortu. Niliogopa nikifa utapata shida. Ndiyo sababu pekee."

"Ungesema hivyo!"

"Sikujua kusema. Cheti nilijua kukieleza. Mimi mwenyewe sijui nijieleze vipi." Maji ya mvua yalikuwa yanamdondoka kutoka kwenye nywele mpaka sakafuni. "Jumatatu zote zile hapakuwa na kazi. Nilikuwa nakuja kukuona. Na sasa sina kazi, sina ufunguo, sina sababu yoyote. Nakupenda tu, na sijui nifanye nini."

Fortunata alifunika uso kwa viganja.

"Nakupenda na mimi, mjinga wewe," akasema ndani ya viganja. "Lakini baba yangu hatanipa kwa mtu wa msikiti. Namjua. Nitamwambia nini?"

"Sijui."

"Na mimi sijui."

Elimringi alirudi na chai, akaiweka katikati yao. Akaanza kupima kitambaa kisichokuwa na mteja.

"Mimi sijasikia kitu," alisema akiwa amewapa mgongo. "Maneno kama hayo hayaletwi na fundi aliyeloa. Yanaletwa na wazee. Waje Moshi wamwone mzee. Atafoka, hilo nawaambia mapema. Anaweza akawafukuza. Mimi nitakuwepo, lakini kumgeuza mzee siwezi, hakuna anayemweza." Akakohoa. "Chai inapoa."

Anuari aliinywa yote, safari hii, inamchoma na haachi. Fortunata akamfuta maji usoni kwa kanga, mbele ya kaka yake.

Alipotoka mvua ilikuwa imekatika, wauzaji wanayamwaga maji kutoka kwenye maturubai yao. Alijibanza kwenye kibaraza kimoja pale Mchafukoge, kata ya jirani, akatafuta namba ya Mjomba Mrisho, Newala. Kwao Wamakonde, mtoto wa dada ni wa mjomba, na hakuna posa inayoondoka nyumbani bila kinywa chake. Simu ililia muda mrefu. Alikaribia kukata.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona sauti hivyo? Umepatwa na nini?"

Anuari akataka kueleza tangu mwanzo, cheti, mlango, Masasi, baba wa Moshi. Maneno yakamkimbia yote.

"Nimeshindwa peke yangu, mjomba," akasema. "Naomba uje."

Kwenye simu ikasikika sauti ya mzee akimwita mtu amletee viatu vyake.