Namba ya Siri ya Ploti Zote

Mwaka wa 2008, katika mtaa mmoja wa Kitengela karibu na machimbo ya mawe, maji yaliitwa kwa simu.

Usicheke. Mradi wa maji wa mtaa ulikuwa na kisima kirefu, pampu na tangi. Kwenye pampu kulikuwa na mashine ndogo yenye laini ya simu. Ukiitumia meseji yenye namba ya siri, pampu inawaka. Ukiituma tena, inazima.

Simu ya mradi ilishikwa na Soipan, mama Dennis. Hilo lilimkosesha usingizi jirani yake.

Jirani huyo ni Nelima, mama Whitney. Alikuwa na hoteli ya mabati, akiwapikia wachonga mawe chapati na maharagwe. Kila asubuhi alimwona Soipan akipita na simu mkononi, wanawake wenye mitungi wakimsalimia kama mke wa chifu.

"Anabonyeza tu," Nelima alimwambia mume wake, Okoth. "Hata mimi niko na vidole."

"Si ulale, mama Whitney," Okoth akajibu.

Hakulala. Mkutano wa mradi ulipofika, alisimama.

"Maji ni yetu sote. Kwa nini siri ikae kwa mtu mmoja? Kesho akinikasirikia, nitapika na nini? Kila ploti ipewe hiyo namba."

"Lakini fundi aliyefunga mashine alisema tuibadilishe, na ijulikane na watu wachache," Soipan akasema.

"Ndiyo hayo sasa," Nelima akadakia. " Ameshaonja ukubwa."

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Mwenyekiti, mzee Metito, hakutaka kelele. Namba ikasomwa mbele ya wote: moja, mbili, tatu, nne. Ilikuwa ile ile iliyokuja na mashine kutoka dukani.

Nelima alitembea nayo kama nguo mpya. Akimpakulia mteja, anaitaja. "Mnadhani ni mama Dennis peke yake? Moja, mbili, tatu, nne. Naweza kuwasha maji nikikanda unga." Na wateja wake walikuwa wengi: wachonga mawe, makondakta, madereva wa malori ya kuuza maji.

Baada ya wiki chache, pampu ikaanza vituko. Inawaka, inazima, inawaka tena. Tangi likakauka. Watoto wakaenda shule bila kunawa. Nelima mwenyewe akafunga hoteli.

"Ni Soipan," wanawake walisema kwenye foleni. "Anauzia watu wengine maji yetu."

Nelima alisikia utamu moyoni. Hakuongeza neno, lakini pia hakumtetea.

Mzee Metito akaita mkutano. Watu wakataka Soipan anyang'anywe simu, kazi apewe mwingine. Akamwita pia Musau, yule fundi aliyefunga mashine, kutoka mjini Kajiado.

Musau alifungua mashine, akaikagua, akaifunga. "Pampu ni nzima, lakini mota imechemka sana. Mkiendelea hivi itaungua, na mtakaa bila maji. Kuna mtu anaitumia meseji za kuizima, nanyi mnaiwasha tena na tena."

"Si tumeshamjua," mama mmoja akasema, akimkazia Soipan macho.

"Nani mwingine ako na namba?"

Mkono mmoja ukainuka, na mwingine, mpaka Musau akaacha kuhesabu.

"Hii mashine haijui sura ya mtu," akasema. "Inajua namba tu. Mtu anaweza kuketi Kiserian, anakunywa chai, na anawazimia maji. Hana haja ya kuruka ua."

Soipan alikuwa ameshaweka simu mezani. Aliangalia viatu vyake. Nelima aliingoja siku hii kwa hamu. Sasa ilikuwa imefika, na haikuwa na ladha.

"Mimi niliitaja hotelini," akasema. "Mara nyingi, mbele ya wateja. Aliyetuma simjui. Lakini msimfukuze mama Dennis."

"Na kwa nini uliitaja?" mzee Metito akauliza.

"Nilimwonea wivu, mzee."

Soipan akainua uso. "Wivu wa hii kazi? Hata chooni wananipigia."

Watu wakacheka, na simu ikarudi mkononi mwake.

Siku hiyo Musau aliweka namba mpya, ndefu, isiyo rahisi kukisia. Akaipanga mashine isikubali simu yoyote ila mbili: ya Soipan na ya mweka hazina, Katoo. Mmoja akiacha kazi, namba ibadilishwe siku hiyo hiyo. Akasema pia wanunue swichi ya mkono, ili simu ikisumbua, maji yasikatike, na mlango wa chuma wa nyumba ya pampu, ili swichi isiguswe na kila mtu.

"Na pesa?" mzee Metito akauliza.

"Tuongeze shilingi moja kwa kila mtungi," Nelima akasema. "Ziwekwe kando, za kulinda pampu tu."

"Wewe ndiye unayechota mitungi mingi kuliko wote," mzee akamwambia.

"Najua. Ndiyo maana nimesema mimi."

"Basi hesabu isomwe kila mkutano," Musau akasema. "Pesa zijulikane na kila mtu. Namba ndiyo ifichwe."

Ukame wa mwaka uliofuata ulikuta pampu inafanya kazi, mlango wa chuma umefungwa, na hoteli ya Nelima imejaa. Wanawake wa mtaa wa pili, ambao pampu yao ilikuwa imeungua, wakaja kuuliza hii imedumu vipi.

"Muulizeni mama Whitney," Soipan akawaambia. "Yeye anajua kueleza."

Nelima akawaeleza, unga ukiwa umemfika kwenye viwiko. Mama mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Huyu naye, amejifanya injinia."

Nelima alisikia vizuri sana, na wivu huo aliujua. Akavuta kiti, akaanza kueleza tena kutoka mwanzo, polepole.