Kitenge cha Ndege wa Njano

Kama Régis angenunua sufuria, haya yote yasingetokea. Hata saa ya ukutani ingetosha. Lakini nani aliwahi kumzuia mwanaume aliyekwishaanza kupenda?

Jumamosi ile soko la Kakoba lilifurika watu. Bodaboda zilipenya katikati ya meza za nyanya, mahindi yalichomwa, redio tatu zilishindana. Régis, kijana wa Kirundi, alikuwa na shati jeupe lililopigwa pasi na viatu vyenye vumbi la kambi ya wakimbizi ya Nakivale, na alikuwa akizunguka kwa saa ya pili sasa bila kununua kitu. Mtu akamgonga bega.

"Samahani," mwanamke akasema, kisha akainua macho. "Aa, ni weye."

Alikuwa Bénédicte. Wanafanya kazi pamoja kwenye karakana ya sabuni kule kambini. Régis anapika mafuta na magadi, Bénédicte anakata miche na kuifunga karatasi. Miezi minne, na hawajawahi kuvuka salamu. Leo alivaa gauni refu la kijivu, na kilemba amekishusha mpaka kwenye nyusi, na jua lote lile.

"Unatafuta nini?"

"Zawadi. Ya mtu ambaye simjui vizuri."

Hakudanganya. Msimamizi wao, Mama Annonciata, ndiye aliyeleta mambo hayo. Wafanyakazi ni sita, na kadi za ukimbizi za watano zinasema wamezaliwa tarehe mosi Januari, kwa sababu aliyewaandikisha hakuwa na muda wa kuuliza zaidi. Mama Annonciata aliona ni dharau. Akampa kila mtu siku yake ya kuzaliwa, akaandika majina kwenye vikaratasi, kila mmoja aokote mtu wa kumnunulia zawadi. Régis aliokota jina la Bénédicte, tarehe kumi na nne Agosti.

"Ni mwanamuke?" Bénédicte akauliza.

"Mwanamke."

"Muzuri?"

"Sijamwangalia vizuri."

"Muongo weye."

Akacheka, na Régis akauona mwanya wa meno yake kwa mara ya kwanza. Habari yake ilikwisha hapo hapo. Wakatembea pamoja, wakitaniana, mpaka mbele ya duka moja la vitenge. Mlangoni kilining'inia kitenge cha buluu chenye ndege wa njano. Bénédicte akasimama, akakitazama sana.

"Kule kwetu Baraka, ng'ambo ya mupaka, mama alikuwa na kikwembe kama hiki."

"Tuingie tukione."

"Hapana. Miye siingiaka mule."

"Kwa nini?"

"Bei," akajibu, haraka mno, na kuvuta kilemba chini. "Kwaheri, Régis. Ule mutu wako umununulie sufuria."

Akapotelea kwenye watu. Ningekuwepo pale ningemshika Régis shati. Sikuwepo, naye akaingia dukani.

Mwenye duka, Chantal, alikuwa mchangamfu. Alikunja kitenge huku akiuliza ni cha mke au cha mchumba.

"Cha mwenzangu kazini kule Nakivale. Ni mtu wa Baraka."

"Wa kwetu? Nani tena?"

Régis akatoa simu. Alikuwa na picha aliyoipiga karakanani bila ruhusa: Bénédicte anakata sabuni, anatabasamu pembeni. Chantal akaikuza picha kwa vidole, akaomba atumiwe. Régis akamtumia.

Chantal hakuwa mtu mbaya. Alifurahi tu kwamba mtu wao yu hai, akaiweka picha kwenye kundi la WhatsApp la watu wa Baraka na kuandika: *Mungu asifiwe, mujane wa Appolinaire iko Nakivale, anatengenezaka sabuni.* Kundi lilikuwa na watu mia mbili na kumi.

Majuma matatu yaliyofuata, simu za jioni kati ya Bénédicte na Régis hazikukatika.

"Ulinunua sufuria?"

"Kubwa, Béné. Ya kupikia harusi."

"Harusi ya nani, sheri?" Kwao, sheri ni mpenzi.

"Utajua tarehe kumi na nne."

Bénédicte alicheka mpaka akakohoa. Halafu sauti ikabadilika. "Leo, weye ukiwa nyuma kwenye pipa la sabuni, mutu wa boda alifika karakanani. Aliuliza kama kuna mwanamuke wa Baraka. Hakununua sabuni."

"Labda amekosea mahali."

"Labda," akasema Bénédicte, na hakutania tena jioni ile.

Tarehe kumi na nne kulikuwa na mandazi na soda juu ya meza ya kukatia sabuni. Mama Annonciata alipiga makofi. Bénédicte akafungua karatasi, akaona ndege wa njano, na uso ukamkauka.

"Ulikitoa fasi gani?"

"Kakoba. Ndicho ulichokitazama."

"Chantal alikuuliza nini?"

Watu wote wakaacha kutafuna.

"Aliuliza ni cha nani. Nikamwonyesha picha yako, akaomba nimtumie."

Bénédicte akakikunja kitenge mara nne, polepole, akakiweka mezani. "Ni Néhémie alikutuma?"

"Néhémie ni nani?"

Bénédicte akaiacha soda yake. Alitoka kwa mlango wa nyuma na aproni yake kiunoni. Régis alimpigia simu mara saba, mara zote imezimwa. Kwa siku mbili hakula wala hakulala, na hakujua kosa lake ni lipi. Siku ya tatu ikaingia namba ngeni.

"Kuya Kabazana," sauti ya Bénédicte ikasema. "Njoo weye peke yako."

Alimkuta huko Kabazana, kwenye kituo cha kambi cha kupokelea wakimbizi wapya, amekaa katikati ya akina mama waliofika wiki ile, akina mama wasiojuana. Macho yalikuwa mekundu.

"Néhémie ni ndugu mudogo wa bwana yangu Appolinaire," akamwambia. "Bwana alipokufa, akasema miye ni mutu wa nyumba yao, ataniowa. Nikakataa. Alinifungia ndani siku nne. Akasema nikitoroka atanifuata, na atanizika fasi moja na ndugu yake. Dada yangu amenipigia. Néhémie ameshavuka mupaka juzi, na ile picha iko nayo."

Régis akachuchumaa mbele yake. "Ni mimi nimemleta."

"Ni weye. Nilifikiri ulitumwa."

"Na sasa?"

"Sasa najua uko mujinga tu." Akamshika shavu, na wote wawili wakalia bila kuficha.

"Twende pamoja," Régis akasema. "Nitakuoa popote, Béné. Hata leo."

"Tukipotea wawili, atatafuta wawili. Watu banaongeaka mingi. Peke yangu nimezoea."

"Basi niambie unaenda wapi."

"Ulitaka kunipa zawadi," akasema. "Nipe hii. Futa picha. Futa namba zangu. Usiniulize fasi ninaenda. Akikuuliza kama unanijua, useme hapana, na ikuwe kweli."

Régis akafungua picha. Akaitazama mara ya mwisho, kisha akaifuta. Akafuta na namba, moja baada ya nyingine, Bénédicte akimwangalia. Halafu akatoa mfukoni mche mmoja wa sabuni aliyoipika mwenyewe.

"Haina manukato."

"Uliona kama miye ninachukuaka isiyonukia?"

"Niliona tangu siku ya kwanza."

Bénédicte akaifunga kwenye ncha ya kilemba. "Usitoke pale karakanani, sheri. Nikifika fasi hakuna mutu ananijua, miye nitakutafuta."

Kesho yake asubuhi, mwanaume wa makamo alisimama mlangoni mwa karakana. Suti imenyooka, viatu vinang'aa, sauti ya upole. Alinunua miche miwili, akamshukuru Mama Annonciata kwa heshima, kisha akamgeukia Régis na simu mkononi. Ilikuwa ile ile picha.

"Ni shemegi yangu. Unamujua?"

"Alifanya kazi hapa. Simjui."

"Ameenda wapi?"

"Sijui."

Hakuna hata neno moja la uongo, na hilo ndilo lililomchoma. Néhémie akatazama meza. Kitenge kilikuwa bado pale, kimekunjwa mara nne. Akapitisha kidole juu ya ndege mmoja wa njano, akatabasamu, akavuta kigoda mpaka mlangoni na kukaa.

"Sina haraka," akasema.

Régis akarudi kwenye pipa lake. Angeweza kutoka, lakini Bénédicte alimwomba asitoke pale. Akakoroga, saa zikapita, na yule mtu hakusogea.

Saa nane mchana simu ya Régis iliita mfukoni. Aliitoa akaona namba ngeni; huenda ni Bénédicte amefika. Néhémie akainua macho. Régis aliiacha iite mpaka ikanyamaza, akairudisha mfukoni na kuendelea kukoroga sabuni.