Ufito Uliopungua Shibiri

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Chiriku alifagia chumba cha mbele. Alianzia dirishani, akapita chini ya meza, akamalizia nyuma ya mlango, mahali ulipoegemea ufito wa baba yake. Hapo alipunguza mwendo wa ufagio. Ufito ule haukuruhusiwa kuanguka.

Jina la Chiriku alipewa na baba mwenyewe, kwa kuwa aliongea tangu alipoamka hadi usingizi ulipomkatiza. Baba alikuwa fundi mwashi. Mchana alijenga kuta za watu, na jioni tatu kwa juma alikwenda darasa la watu wazima, maana utotoni hakupata shule. Lakini mtaa ulimpendea kazi nyingine, ambayo hakutaka malipo yake: alichimba makaburi. Msiba ukitokea, uwe wa tajiri au wa mtu asiye na ndugu, baba aliacha mwiko wake palepale ukutani, akaja nyumbani kuchukua sururu, sepetu na ufito.

"Baba, mbona hutumii utepe wenye namba kama mafundi wengine?" Chiriku alimwuliza siku moja.

"Namba na mimi tumefahamiana juzi tu, mwanangu," baba alisema akicheka. "Ufito huu nimezeeka nao. Mtu mzima, ufito mmoja kamili. Mtoto, mpaka kwenye alama hii. Waliofiwa wana mengi ya kulilia. Wasililie na kaburi pia."

Ncha zote mbili za ufito alikuwa amezichoma moto zikawa nyeusi, ili mchwa wasizile.

Mwaka ule baba akaugua kifua. Kwanza aliacha kupanda ngazi, kisha akaacha kazi kabisa, akawa mtu wa kitandani. Alasiri moja, mama akiwa amekwenda kuchukua dawa, mpira wa Chiriku ulinasa juu ya paa la jirani. Chiriku aliutazama, akatazama nyuma ya mlango. Dakika moja tu, alijiambia. Akachukua ufito, akachokoa mara ya kwanza, mara ya pili. Mara ya tatu ufito ukalia *ka!* na ncha yake ikaning'inia kwa nyuzi chache za mti.

Mpira ulianguka. Hakuuokota. Alikimbilia jikoni akachukua kisu, akakata kile kipande, akausugua ufito kwenye jiwe la kizingiti mpaka ukawa laini, kisha akaurudisha mahali pake, upande uliokatwa ukiwa chini. Kipande kilikuwa na urefu wa shibiri moja. Alikificha ndani ya mkoba wake wa zamani.

Siku tatu baadaye baba aliita kwa sauti ndogo, "Chiriku, niletee ufito wangu niushike kidogo."

Aliuleta. Baba alipitisha kiganja taratibu kuanzia juu hadi chini. Kilipofika mwisho, kikasimama. Vidole vikapapasa ncha ile, iliyokuwa nyeupe na laini. Akamtazama binti yake.

"Uko salama huu?"

"Uko salama, baba."

Baba alimsikiliza jogoo wa jirani. Kisha akasema, "Ukiwa na neno la kuniambia, niambie ningali nasikia."

Chiriku, yule ambaye hakuwahi kukosa neno, alitikisa kichwa, akatoka nje. Alipanga kusema kesho. Kesho yake baba hakuzungumza tena, na jioni akafariki.

Aliyejitolea kumchimbia kaburi alikuwa Kijiko, kijana mkubwa ambaye sepetu mikononi mwake ilionekana kama kijiko cha chai. Kwa miaka miwili alikuwa akimsaidia baba kutoa udongo. Alikuja kuuchukua ufito huku machozi yakimtiririka. "Tutampima kwa kipimo chake mwenyewe," aliwaambia watu. Chiriku alikuwa amekaa karibu na mlango. Alifungua mdomo, lakini chumba kilikuwa kimejaa watu. Akaufunga.

Makaburini, jeneza lilishuka hadi nusu, likakwama. Wanaume wakaligeuza, wakalisukuma. Mbao zikakwaruza udongo, na sauti ile ikamwingia kila mtu masikioni. Mwishowe ikabidi walitoe, waliweke chini juani, wachimbe upya mbele ya mjane.

"Huyu kalewa au kalala?" mtu mmoja alinong'ona kwa sauti ya kusikika.

"Miaka yote fundi anawapima watu vizuri, halafu yeye anakunjwa kama shati!"

"Nilipima," Kijiko alisema, jasho na machozi vimechanganyika. "Wallahi nilipima. Ufito huu hapa! Labda ni ufito..."

Shangazi, dada wa marehemu, alimkatiza. "Haa! Sasa kosa ni la marehemu? Hajafunikwa, unamsingizia?"

Mama alimtazama Kijiko mara moja, akageuza uso. Chiriku alisimama kando ya mama, ameshika kanga yake, na hakusema kitu.

Tangu siku ile Kijiko hakuitwa tena kwenye msiba wowote. Watoto walimfuata njiani wakipiga kelele, "Kijiko, nipimie suruali, nataka kaptura!" Seremala aliyekuwa akimpa vibarua akasema hana kazi ya mtu asiyejua kupima. Akimsalimia mama, mama anatazama ukuta. Chiriku aliyaona yote. Kila jioni alipiga magoti akamwomba Mungu jambo lisijulikane, akamwomba sana, kwa machozi. Haikumpitia akilini hata siku moja kuomba nguvu ya kulisema.

Mwaka ulipotimia, mwenyekiti wa mtaa aliandaa siku ya kumkumbuka baba. Ufito ungepakwa rangi ya kung'aa, ukatundikwa katika ofisi ya mtaa, na wachimbaji wote wangeutumia kama kipimo chao. Chiriku alichaguliwa kusoma maneno ya kumkumbuka. Aliandika kurasa mbili, na mwalimu wake akazisifu.

Siku ilipofika ukumbi ulijaa. Chiriku alisimama mbele, karatasi mkononi. Ufito ulikuwa mezani, unang'aa. Alisoma juu ya kuta ambazo baba alijenga, juu ya darasa la jioni, juu ya mzee asiye na ndugu ambaye baba alimzika peke yake kwenye mvua. Watu walifuta macho. Ndipo akafika kwenye sentensi, *Baba alitufundisha kusema kweli.* Akainua macho, akamwona Kijiko. Alikuwa nje, dirishani, kofia mkononi. Hakuna aliyempa kiti, lakini naye alikuja kumkumbuka fundi wake.

Akaacha kusoma. Mwalimu akamwashiria aendelee. Chiriku aliweka karatasi chini, akainama, akafungua mkoba wa zamani aliokuja nao bila kujua kama angethubutu. Akatoa kipande chenye ncha nyeusi, akakiweka mwishoni mwa ufito. Unene wake ulilingana na wa ufito.

"Mimi nilivunja," alisema. "Kwa ajili ya mpira. Nikakata, nikanyamaza. Kijiko alipima vizuri."

Shangazi aliinuka. "Kumbe! Mtoto wa kumzaa ndiye aliyemwaibisha kaburini. Na ukamwacha kijana wa watu aliwe nyama mwaka mzima!"

Hakuna aliyemtetea. Mama alipita kati ya viti, akatoka nje, akasimama mbele ya Kijiko.

"Mwanangu, nilikataa salamu zako," alisema. "Nisamehe."

"Wewe nimekusamehe, mama. Ulikuwa na uchungu wako." Kijiko alimtazama Chiriku aliyekuwa amemfuata mama hadi mlangoni. "Lakini wewe ulijua. Nilipokuwa napita pale kwenu wananizomea, wewe uko barazani unafanya hesabu za shule. Ulikuwa unajua. Sijui nikwambie nini. Nenda kila mlango ulionicheka, useme ulichosema humo ndani. Wengi hawakuja leo. Ukimaliza, tutaona."

Walianza jioni ileile, Chiriku mbele, mama nyuma. Milango ilikuwa arobaini na mmoja. Kwenye kila mlango alibisha, akasema, "Kijiko hakukosea kipimo. Mimi ndiye niliyekata ufito." Seremala aliguna, akasema kesho Kijiko aje kazini, kisha akafunga mlango bila kuaga. Mwanamke mmoja aliwaita watoto wake waje wamtazame mwongo alivyo. Mama hakumkinga. Alisubiri hapo nyuma mpaka Chiriku amalize, kisha wakaenda mlango unaofuata.

Mlango wa mwisho, jioni ya pili, ulikuwa wa mama yake Kijiko. Mwaka mzima mwanamke huyo alikuwa akienda bombani saa nane, jua likiwa kali, ili asikutane na watu. Alimsikiliza Chiriku hadi mwisho.

"Rudia," alisema. "Kwa sauti. Jirani yangu hajasikia."

Chiriku alirudia kwa sauti kubwa, hadi madirisha mawili yakafunguka. Mama yake Kijiko aliitikia kwa kichwa mara moja. Kisha akachukua ndoo yake tupu, akashika njia ya bombani, saa ambayo mtaa mzima ulikuwa huko.

Njiani kurudi, Chiriku aliuliza, "Mama, baba alijua?"

"Alijua una jambo. Aliniambia, 'Mtoto ana neno, msubirini aliseme mwenyewe.' Alidhani ana siku nyingi kuliko alizokuwa nazo." Mama alisimama katikati ya barabara. "Sikiliza. Kuvunja ufito ilikuwa bahati mbaya. Ungemwambia, angecheka, angekata mwingine. Lakini kumvunja Kijiko haikuwa bahati mbaya. Hilo ulilifanya kila siku uliyoamka ukanyamaza. Kosa lisemwe likiwa bado dogo, mwanangu. Ukilificha, mtu mwingine ndiye anayelipia, tena asiye na hatia. Na usimwombe Mungu akufunike wakati mwenzako yuko uchi."

Mwezi uliofuata kulitokea msiba mtaani, na mwenyekiti mwenyewe alikwenda kumwita Kijiko. Kijiko alikuja kwanza nyumbani kwa kina Chiriku, amebeba ufito mpya ambao haukuwa na rangi.

"Washa moto," alimwambia Chiriku. Ndiyo mara ya kwanza kumsemesha tangu siku ile ya ukumbini.

Chiriku aliwasha. Wakachoma ncha mbili zikawa nyeusi, mmoja ameshika huku, mwingine kule. Kijiko aliuweka ufito begani, akachukua sururu ya baba, akaondoka. Hakusema kwamba amesamehe. Alipofika njiani aligeuka.

"Lete sepetu," alisema. "Na utembee haraka, watu wanasubiri."