Maombi Kumi na Moja

Jumatatu, saa mbili kamili asubuhi, viendelezi mia nne na kumi na viwili vilizimika kwa mpigo mmoja. Kufika saa mbili na dakika ishirini, simu za ofisi nzima zilikuwa hazishikiki.

Kampuni ile ilitengeneza kivinjari, programu ya kufungulia kurasa za mtandao. Viendelezi ni viprogramu vidogo ambavyo mtu hubandika juu ya kivinjari chake: hiki kinatunza nywila, kile kinatafsiri, kingine kinakuza maandishi. Mwaka uliotangulia kampuni ilifuta mfumo wa zamani wa viendelezi na kuwataka watengenezaji wote wahamie mfumo mpya. Vilivyohama ndivyo hivyo mia nne na kumi na viwili. Sasa vyote vilikuwa maiti, na mahali pake, kwenye skrini ya kila mtumiaji, palibaki neno moja: *Haitatekelezwa*.

Mkaguzi wa usalama aliitwa saa tatu kasorobo. Wenzake walimwita Inspekta. Upolisi aliuacha miaka sita nyuma, lakini jina lilikuwa limemganda. Alimkuta Meneja wa uhamisho amesimama dirishani, tai imelegea, uso umemparama.

"Amri ya kuvizima imetiwa saini yangu," Meneja alisema. "Imetoka kwenye kompyuta yangu, kwa ufunguo wangu wa siri. Lakini si mimi."

"Ilitoka lini?"

"Ijumaa, saa nne na dakika kumi na nne asubuhi. Ikapangwa ianze kazi leo."

"Saa hiyo ulikuwa wapi?"

"Ukumbini, jukwaani. Nawahutubia wageni mia mbili juu ya huo huo mfumo mpya. Mkurugenzi alikaa safu ya mbele."

"Na kompyuta?"

"Humo humo ukumbini, ikionyesha slaidi. Na kijiti cha ufunguo kilikuwa kimechomekwa." Alijifuta jasho. "Nimepewa hadi saa kumi jioni. Nisipojisafisha, kazi sina. Inspekta, mkamate Ndevu. Ndiye."

Ndevu ndiye aliyetengeneza kiendelezi kilichopendwa kuliko vyote enzi za mfumo wa zamani. Mfumo ulipofutwa, kazi yake ya miaka tisa ilikwenda na maji. Akaandika hadharani: "Mmenizimia taa, nami nitawazimia." Na Ijumaa hiyo, kitabu cha wageni kilionyesha, alikuwa ameingia saa tatu na nusu.

Saa tano alikuwa ameketi mbele ya Inspekta, amekunja mikono kifuani.

"Niliandika, sikatai," alisema. "Kisasi nilikitaka. Ijumaa nilikuja nimzomee mbele ya wageni wake."

"Ulimzomea?"

"Moyo uliniangusha, dada yangu. Nilikaa safu ya nyuma mpaka mwisho, nikala vitafunio vyao, nikaondoka."

Inspekta alimsogezea karatasi ya amri. Ndevu alisoma mistari ya kuzima, mmoja baada ya mwingine, kwa kidole. Chini kabisa kulikuwa na mstari mmoja wa kuwasha: *Sauti ya Pili, mfumo wa zamani*.

"Hiki unakijua?"

"Kinawasomea kurasa wasioona. Aliyekitengeneza mwenyewe alikuwa haoni. Tulikuwa tukiandikiana, kisha kimya. Nasikia alifariki."

"Na chako kimewashwa?"

Ndevu alipekua upya, taratibu, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo ya mtihani. "Hakimo."

"Basi nenda nyumbani," Inspekta alisema. "Anayelipa kisasi chake hajisahau."

Saa saba alijifungia chumba cha kumbukumbu. Kwanza alitafuta Sauti ya Pili. Yakatoka maombi kumi na moja, yote ya mtu mmoja, yote yakiomba jambo lilelile: mfumo mpya uachiwe mlango mdogo ambao kisomaji kitapitia kuchukua maneno ya ukurasa. Yote Meneja aliyafunga kwa neno lile lililotapakaa leo kwenye skrini za watu.

Kisha akaitazama video ya hotuba. Saa nne na dakika kumi na nne, slaidi ya sita iligoma. Meneja alitania, "Hata kompyuta yangu inaogopa mabadiliko," watu wakacheka. Sekunde arobaini zikapita. Mkononi Meneja hakuwa na rimoti. Aligeukia pazia la pembeni, akasema, "Mama, tuendelee." Ndipo slaidi ya saba ikaja.

Inspekta aliirudisha sehemu ile mara tatu. Halafu akaenda ofisi ya utumishi kuomba jalada moja tu.

Saa tisa na nusu alasiri walikuwa watatu chumba cha mikutano: Inspekta, Meneja, na Mama Miongozo, mwandishi wa miongozo ya watumiaji kwa miaka kumi na minne. Mwanamke mpole, mjane, ambaye kila aliyeumwa kichwa pale ofisini alimkimbilia yeye kwa panadoli.

"Mama," Inspekta alianza, "Ijumaa nani alisogeza slaidi?"

"Mimi. Yeye ndiye aliyeniomba."

"Ya sita ilichelewa sekunde arobaini."

"Niliigandisha." Hakupepesa. "Amri nilikuwa nayo tayari kwenye flashi. Kuibandika hakuchukui muda."

Meneja aliruka kitini. "Mama? Nimekukosea nini mimi?"

Inspekta alifungua jalada. "Likizo ya msiba, siku saba, mwaka jana. Jina la marehemu mume wa Mama ndilo lililo chini ya maombi yale kumi na moja."

"Maombi gani?"

"Unaona?" Mama alimwambia Inspekta, sauti haikupanda. "Hata hakumbuki. Mume wangu ndiye aliyeitengeneza Sauti ya Pili, na ndiyo iliyomsomea kila kitu. Magazeti, barua, maelekezo ya dawa zake kwenye ukurasa wa hospitali. Asubuhi ile mlipoufuta mfumo mimi nilikuwa hapa, naandika mwongozo wa kuusifu mpya. Kivinjari kikawa bubu. Dozi ilikuwa imebadilishwa jana yake, akameza kwa kukumbuka ile ya zamani. Nilimkuta sakafuni, kompyuta imewaka."

Meneja alikaa.

"Nilitaka afukuzwe kwa saini yake mwenyewe," Mama aliendelea. "Kwa neno lake mwenyewe."

"Ulijua Sauti ya Pili haiwezi kuwaka tena kwenye mfumo mpya," Inspekta alisema.

"Nilijua. Nilitaka jina la kazi yake liwe kwenye orodha, walau siku moja."

"Katika ulivyozima, kumi na tisa ni vya wasioona, Mama. Vimekaa kimya tangu asubuhi, zaidi ya saa saba. Huenda mmoja wao alikuwa na dawa mkononi."

Hapo ndipo Mama alipoinamisha macho.

"Polisi wako mapokezi," Inspekta alisema. "Wanahitaji maelezo yako, na saini."

"Nitasaini. Ila kwanza Meneja ayasome maombi yale. Yote. Kwa sauti."

Meneja alimtazama Inspekta. "Mambo hayo hayana haja ya kuingia kwenye ripoti. Mkosaji si amepatikana?"

"Yameshaingia," Inspekta alisema, akamwekea karatasi mbele. "Soma."

Meneja akasoma. La kwanza alilisoma mbiombio. "Polepole," Mama akasema, "alikuwa akiandika polepole." La tano aliruka tarehe, Mama akamrudisha. La nane mume alieleza jinsi mtu anavyoisubiri sauti asubuhi kabla ya kugusa kitu chochote, na Meneja akasita, akanywa maji, akasoma tena kuanzia mwanzo bila kuambiwa. Saa kumi iligonga. Mkurugenzi alifungua mlango, akasikiliza, akabaki amesimama pale pale.

La kumi na moja lilikuwa fupi.

"'Ndugu Meneja,'" alisoma, "'najua una kazi nyingi. Kama mlango mzima ni mgumu, nipe nusu yake. Mke wangu anafanya kazi hapo kwenu. Sijamwambia akusumbue, maana anakusifu sana.'"

Mama hakuwa amewahi kulisikia hilo. Aliomba karatasi ile, akaikunja mara mbili, akaitia mkobani. Kisha akavuta kalamu, akasaini maelezo yake kurasa zote tatu, na kuelekea mlangoni. Mkurugenzi akampisha.