Kuku wa Karatasi na Pasi ya Mama

Sogeeni, wadogo mbele! Leo kuna kuku, lakini hatagi mayai.

Kuku mwenyewe ni wa karatasi. Alitengenezwa na mama yake Mwatime. Mama huyo anafanya kazi maabara, na hata nyumbani mikono yake haitulii.

Tumboni kuku ana betri. Kichwani ana jicho la taa. Katikati kuna mstari wa fedha, umeme hupita humo. Tii! Jicho linawaka.

Jicho likiwaka, Makame hulala. Makame ni mdogo wake Mwatime. Lisipowaka, halali mtu nyumba nzima!

Leo jioni Makame alimkumbatia kuku kwa nguvu. Kwacha! Mstari ukakatika. Jicho likazimika.

"Kuku wangu kafaaa!" Makame akalia.

Roho ilimuuma Mwatime. "Usilie, Makame. Atapona leo leo!"

"Basi niletee fedha ndogo ndogo," Mama akasema.

Mbio! Ndala zikalia pa-pa-pa! Mwatime akaleta sarafu zake zote.

Mama akacheka mpaka akashika mbavu. "Hii fedha ya kununulia andazi, mwanangu! Mimi nasema fedha kama ya bangili."

"Kumbe! Hii hapa!" Mwatime akavua bangili yake. "Haya, tuone kama itayeyuka," Mama akasema. Akaiweka mezani, akaigandamiza kwa pasi ya moto.

"Fedha, fedha, tayari?" Mwatime akauliza.

Bangili ngumu vilevile. Mwatime akaijibia kwa sauti nzito: "Badooo!"

"Ongeza moto, Mama!"

"Moto wa kuyeyusha bangili utamuunguza kuku wetu."

Makame akalia zaidi. Mwatime naye machozi yakamlengalenga.

Mama akatoa kichupa cha wino wa kijivu. "Humu mna chembe za fedha. Ndogo mno, macho hayazioni. Hizi ndizo nilizotaka."

"Zitayeyuka kwa pasi?"

"Nikuulize. Watoto kumi wamelala kitanda kimoja. Kitanda kikitikisika, nani anaanguka?"

"Wa pembeni!"

"Wakilala wawili?"

"Wote wako pembeni! Wote chini, pu!"

"Ehee! Fedha imejengwa kwa vitu vidogo sana, vinaitwa atomu. Ndani ya bangili zimebanana, zinashikana kila upande. Kwenye chembe ndogo, atomu nyingi ziko pembeni. Joto kidogo tu, zinaachia!"

Mwatime akaruka juu. "Tujaribu! Tujaribu!"

Mama akatoa betri. Akachora mstari mpya kwa wino, akatandaza kitambaa, akapitisha pasi. Fsss, fsss.

"Fedha, fedha, tayari?"

Mwatime akainama karibu.

Mama akafunua kitambaa. Kijivu kimekuwa cheupe, kinang'aa!

"TAYARIII!" Mwatime akapiga kelele. Chembe zimelainika, zimeungana, zimekuwa mstari mmoja. Na kuku hajaungua hata unyoya!

Betri ikarudi tumboni. Tii! Jicho likawaka.

"Kuku kafufuka!" Makame akacheka na machozi yake. Mwatime akapiga vigelegele mpaka jirani akachungulia dirishani.

Kisha wakapanda kitandani. Makame akapiga miayo mara moja tu, akalala.

"Mama," Mwatime akanong'ona, "Makame ameyeyuka!"

"Eti?"

"Wadogo huwahi kuyeyuka. Lakini mimi mkubwa. Mimi sija... sijaye..."

Hata neno hakulimaliza.