Nia ya Bibi kwa Namba Kumi na Moja

"Ndugu wananchi wa sebule hii," alitangaza Genoveva, amesimama juu ya kochi, mkono mmoja kifuani. "Kwa mamlaka niliyojipa mwenyewe, natamka rasmi kwamba leo saa kumi kamili, jezi za kijani zitaishinda timu ya jezi nyeupe kwa pointi tatu. Si mbili. Si nne. Tatu. Mungu ibariki sebule."

"Shuka," alisema Bibi. "Una viatu."

Genoveva alishuka.

Ndivyo siku zilivyokwenda mwezi ule wa Machi. Genoveva, mwenye miaka kumi na mitatu, alitoka shuleni, akampokea mdogo wake Tito kwenye basi la shule, wakapanda ngazi hadi ghorofa ya tatu ya fleti yao, huko Adelphi, Maryland. Humo walimkuta Bibi ameketi karibu na hita, kanga mbili juu ya sweta, akiilalamikia baridi ya Marekani kana kwamba kuna ofisi inayopokea malalamiko hayo. Bibi alikuwa amekuja kutoka Bukoba kuwatembelea kwa miezi mitatu. Mama yao, Edna, alikuwa mtunzaji kwenye makao ya wazee, na alirudi jua likishazama. Kwa hiyo kazi ya kukaa na Bibi ilikuwa ya Genoveva, na ilimchosha.

Bibi aliuliza maswali. Mbona jua linawaka na baridi haiondoki? Mbona jirani anakuchekea kwenye ngazi halafu hakukaribishi hata chai? Tito, aliyezaliwa hukohuko, alimjibu kwa Kiingereza na kukimbilia chumbani. Genoveva ndiye aliyebaki na maswali.

Siku hizo shuleni hapakuwa na habari nyingine ila mashindano ya mpira wa kikapu ya vyuo vikuu vya nchi nzima. Timu sitini na nane huingia. Ukishindwa mara moja unarudi nyumbani. Baada ya wiki tatu inabaki moja. Genoveva aliona mpira ungemnyamazisha Bibi. Lakini stesheni iliyoonyesha mechi za moja kwa moja haikuwamo kwenye televisheni yao. Alichopata mtandaoni ni mechi za msimu uliopita, nzimanzima, kutoka raundi ya kwanza hadi fainali.

"Hii ni ya leo?" aliuliza Bibi.

Swali dogo. Jibu lake lilikuwa dogo pia. Lakini huyu Genoveva ndiye yule aliyesoma shule ya bweni kule nyumbani kabla ya kumfuata mama yake, na aliyewahi kuliaminisha Darasa la Tatu lote kwamba siku ya Jumatano uji hunywewa ukiwa umesimama kwa mguu mmoja.

"Ya leoleo, Bibi," alisema.

Pembeni mwa kioo cha televisheni tarehe ilionekana. Genoveva alichukua kitambaa kimoja kati ya vile alivyofuma Bibi kwa mkono wake, akakibandika juu ya kona ile kwa gundi ya karatasi. Mama aliporudi akakiona, alifurahi. "Angalau umejifunza kupamba nyumba," alisema.

Bibi aliupenda mpira kuliko ilivyotarajiwa. Aliipenda timu ya kijani, na ndani yake kijana mmoja, namba kumi na moja, kwa sababu alikuwa na mabega ya Anatoli, mwanawe wa mwisho aliyebaki Bukoba. "Waitu! Jamani, mpeni mpira Anatoli!" alipiga kelele hadi hita ikasahauliwa.

Genoveva naye akageuka nabii. Kabla ya kila mechi alisoma matokeo kwenye simu chooni, akatoka na uso wa askofu, akatabiri. Waliwekeana sharti: utabiri ukitimia, Bibi anaosha vyombo vya zamu ya Genoveva. Ulitimia mara nne mfululizo. Mama alimkuta Bibi kwenye sinki na vidole vyake vyenye baridi yabisi, akashika kiuno.

"Veva! Bibi yako anaosha masufuria, wewe umelala?"

"Mwache," alisema Bibi. "Nimeshindwa kihalali."

Ijumaa timu ya kijani ilivuka nusu fainali.

"Na fainali je, nabii wangu?" aliuliza Bibi.

Genoveva alijua. Timu ya kijani ilipoteza fainali kwa pointi mbili, na aliyekosa mtupo wa mwisho alikuwa namba kumi na moja.

"Ya fainali hayajafunuliwa," alisema.

"Basi mimi nitafunga na kumwombea yule mtoto," alisema Bibi. Genoveva alidhani ni maneno tu.

Jumamosi alasiri jumuiya ilisali kwao. Walikuja Wakatoliki wa Tanzania na Kenya wanaoishi jirani, wakakaa hadi kwenye zulia. Mzee Leonard, mwenyekiti, alifungua kwa hotuba iliyokuwa ndefu kuliko injili. Kisha kila mmoja akataja nia yake, yaani jambo ambalo angependa wenzake waliombee. Mmoja alitaja mgonjwa, mwingine mtihani. Zamu ya Bibi ilipofika, alisimama.

"Mimi namwombea kijana wangu, namba kumi na moja wa timu ya kijani. Kesho anacheza fainali. Mungu amwongoze mkono."

"Ee Bwana," walijibu wote, "twakuomba utusikie."

Wote isipokuwa Kamande, mwanafunzi wa chuo kutoka Kenya, aliyeinua kichwa. "Lakini shosho," alimwambia Bibi, "hiyo gemu si iliisha..."

Genoveva alimkanyaga mguu.

"Aii! Unanikanyagia nini?"

Bibi hakuwasikia. Alikuwa ameshika ukingo wa meza. Jasho lilimtoka usoni, yeye aliyekuwa akisikia baridi tangu Januari, na mikono ilimtetemeka. Mama aliruka juu ya miguu ya watu wanne.

"Tito, juisi ya machungwa! Mbio! Mama, umekula mchana?"

"Nimefunga."

"Umejichoma sindano ya sukari asubuhi halafu ukafunga? Padre mwenyewe hakukwambia mgonjwa wa sukari hafungi Kwaresima?"

"Si Kwaresima," alisema Bibi kwa sauti ndogo, glasi mdomoni. "Ni fainali."

"Fainali gani?"

Kamande alimtazama Genoveva. Genoveva alikitazama kitambaa. Angeweza kusema hajui. Uso wa kusemea hivyo alikuwa nao tayari. Lakini glasi ilikuwa ikigonga meno ya Bibi.

"Ni ya mwaka jana," alisema. "Mechi zote ni za mwaka jana. Sikuwa natabiri, nilikuwa nasoma kwenye simu. Nisamehe, Bibi."

Mama alifumba macho. "Nimechoka! Wiki nzima napima sukari za wazee wa watu, na mama yangu mzazi anataka kuanguka sebuleni kwangu kwa mpira wa mwaka jana!"

"Kwa kweli, ndugu zangu," alianza Mzee Leonard akiinuka, "jambo hili linatufundisha..."

"Leonard, kaa," alisema Bibi. "Mjukuu ni wangu."

Walisubiri mpaka Mama alipompima mara ya pili na sukari ikawa imepanda, na Bibi akala ndizi na nyama. Ndipo alipomwita Genoveva.

"Anatoli wangu alishindwa?"

"Kwa pointi mbili, Bibi."

Bibi alitikisa kichwa, kama mtu aliyepokea salamu za msiba. "Sikiliza. Nchi hii siijui lugha yake, wala mabasi yake, hata jiko lao naliogopa. Macho yangu hapa ni wewe. Kipofu akitaniwa na mtu baki, hucheka. Akitaniwa na macho yake mwenyewe, huanguka. Utani ni mzuri, mwanangu, lakini mtu akishaanza kukuamini, utani umekwisha, sema kweli."

"Na vyombo vyote ni vyako," aliongeza Mama, "hadi Bibi apande ndege."

Saa kumi na mbili jioni, Kamande aliunganisha simu yake na televisheni. Ilikuwa nusu fainali ya mwaka huu, moja kwa moja. Genoveva mwenyewe alipanda kiti akabandua kitambaa.

"Haya, nabii," alisema Bibi. "Leo nani?"

Sebule nzima ilimgeukia. Genoveva aliweka mkono kifuani kwa mazoea, akaushusha.

"Sijui, Bibi. Kweli sijui."

Bibi alisogea, akampisha nafasi kwenye kochi.

"Basi njoo tujue pamoja. Vua viatu kwanza."