Nani Aliomba Mabadiliko?

"Shuka," Elinipa alisema, macho kwenye kompyuta aliyoiegemeza juu ya gunia la dagaa. "Halafu zungusha mkono wa usukani taratibu."

Dereva, Hamdani, alishuka. Pikipiki ya umeme ikazima.

"Umeona, dada? Ina wivu kama mke wangu. Nikiinuka tu kitini, inanuna."

Mwalo wa Kibirizi ulikuwa umejaa. Boti ya Kagunga ilikuwa inashusha watu na mizigo, wachukuzi wakipiga kelele za kuomba njia. Elinipa alijifuta jasho kwa mkono wa blauzi yake ya kitenge cha kijani. Programu ya pikipiki ile aliiandika yeye, lakini sasa hakuielewa. Makao makuu ya kampuni, Dar es Salaam, waliweka hitaji: kiti kikiwa hakina mtu, mota isizunguke, mtoto asije akaichezea ikamburura. Huku Kigoma watu hupakia magunia mpaka kitini, kisha hutembea kando ya pikipiki kupanda mlima. Aliambiwa aliondoe hitaji hilo. Akaambiwa alirudishe. Jana akaambiwa aliondoe tena.

"Mwakeye," sauti ilimsalimu kwa Kiha nyuma yake.

Hakugeuka haraka. Leodgar alikuwa ameshuka kutoka botini, suruali imekunjwa mpaka magotini, viatu mkononi. Kazi yake ni kuwasikiliza madereva na kumletea Elinipa mahitaji yao, na walipendana wakiyabishania. Alimwahidi kwamba baada ya Pasaka wajomba zake wangepeleka barua ya posa kwa wazazi wa Elinipa, Same. Kisha jioni moja akapiga simu. "Mpenzi, ile barua naona tuiahirishe." Hakusema kwa nini. Tangu hapo simu zao zilikuwa za kazi tu.

"Nilidhani uko Kagunga mpaka Jumamosi."

"Nami nilidhani uko ofisini."

Hamdani aliwatazama. "Niwapishe?"

"Kaa hapo!" walisema wote wawili.

"Hitaji la kiti," Elinipa alisema. "Libaki au litoke? Nimechoka kuzungushwa."

"Yote mawili."

"Leodgar!"

"Nisikilize kwanza. Kiti kikiwa hakina mtu, mota izunguke kwa mwendo wa anayetembea."

"Kwa hiyo mtoto ataburutwa polepole."

Leodgar alicheka bila kutaka. "Basi dereva ashikilie na kitufe kwa mkono wa pili. Mtoto hafikii kote kuwili."

Elinipa aliandika. Kwa kila badiliko alikuwa na maswali yaleyale. "Nani aliomba?"

"Hamdani."

"Anayeguswa aliulizwa?"

"Nimeulizwa, dada."

Vidole vya Elinipa vilisimama. "Na badiliko la barua, nani aliomba?"

Leodgar alivitazama viatu vyake. "Mimi."

"Sababu?"

"Edina wa makao makuu aliniambia wanakutaka Dar, ukaandike programu za mabasi. Nikaona barua ikifika Same, utabaki huku kwa ajili yangu. Halafu siku moja uanze kunitazama kama mlango uliofungwa."

"Anayeguswa aliulizwa?"

Hamdani aliinama akaikagua tairi isiyokuwa na tatizo lolote.

"Hakuulizwa," Leodgar alisema.

"Usiku nazima simu, naiwasha, natafuta kosa nililofanya, silioni." Elinipa alisema. "Dar sijui kama nataka kwenda. Sijui, Leodgar! Sijawajibu. Lakini nilitaka tusijue pamoja."

"Nisamehe, mama. Nilikuamulia."

"Uliniamulia."

"Sasa naomba kuuliza. Barua, niipeleke?"

Elinipa alimtazama. Hasira ilikuwepo bado, na kitu kingine kilikuwa kinaisukuma pembeni. Aliifunga kompyuta, kazi ikiwa nusu.

"Kitufe sijakimaliza. Kesho tutakijaribu mlimani. Niulize huko, ukiwa unahema. Nione kama utabadilisha tena."

"Sibadilishi."

"Hilo bado halijapimwa, mpenzi."

Leodgar alilisikia neno la mwisho, akaona haya kama kijana. Alivaa viatu na kuuchukua mkoba wa kompyuta.

"Na mzigo wangu?" Hamdani aliuliza. "Wateja wa Gungu wananisubiri leo, siyo kesho!"

Walilipandisha gunia kitini. Elinipa akashika upande mmoja, Leodgar upande wa pili, Hamdani usukani, wakaanza kuisukuma pikipiki yao iliyonuna kupanda mlima.